Mgeni wa Nyuma ya Banda

Ajabu ya kwanza ilikuwa ndogo mno, hata Ezra akaicheka. Alimwaga mbege kidogo chini, nyuma ya banda la ng'ombe, kama alivyozoea kufanya kila siku saa kumi jioni, na ardhi ikainywa palepale. Haikuacha povu wala unyevu. Mvua ya masika ilikuwa imenyesha wiki nzima, migomba imeinama kwa maji, njia zote za Kirua Vunjo zimekuwa utelezi mtupu, lakini pale alipomwagia palikuwa na duara dogo la udongo mkavu kama jivu la jikoni.

"Leo una kiu kweli, baba," alisema, akaijaza kata tena, sasa kwa ajili yake mwenyewe.

Huyo baba aliyekuwa akisema naye ni Mzee Ndelilio, na Mzee Ndelilio alikuwa amelala kaburini, hapohapo kwenye kihamba chake, shamba la ukoo, mwaka wa pili huo.

Hebu tuelewane mapema, maana mtu akisikia tu kwamba Ezra alikuwa mlevi atasema, aah, hadithi hii naijua. Huijui. Mbege huku mlimani si jambo la kushangaa. Ni pombe ya ndizi na ulezi, na mtu mwenye kiasi chake huonja, huaga, huenda zake kulala. Kwa kina Ezra mbege ya shughuli ilikuwa hainywewi kabla ya waliotangulia kuonjeshwa. Mzee Ndelilio, mzee wa kanisa asiyekosa ibada hata akiwa na homa, alilifanya jambo hilo kimyakimya mchungaji akishaondoka. Alishika kata yake, kile kibuyu cha kunywea chenye ufa ulioshonwa kwa waya wa shaba, akaita watoto na wajukuu, akamwaga kidogo penye masale, ile mimea iliyozungushia makaburi, akataja majina ya marehemu, kisha wote wakaonja. Mara mbili kwa mwaka, zikizidi tatu. Hakumwaga peke yake hata siku moja. Ezra alipokuwa kijana aliwahi kumuuliza kwa nini, akajibiwa, "Anayeita wafu peke yake hajui ni nani aliyeitika."

Ezra alikumbuka kumwaga. Hilo la peke yake akalisahau, au alijifanya kulisahau.

Alikuwa mpishi wa mlimani miaka kumi na miwili, anapika kambini kwa ajili ya wageni na wapagazi, mpaka goti lilipomsaliti. Sasa alikaa nyumbani na ng'ombe mmoja, Bahati, na miche ya kahawa iliyozeeka. Asubuhi ilikuwa na kazi. Mchana ulipita. Ila saa kumi! Saa kumi kule kambini ndiyo ilikuwa saa yake. Watu wanashuka wamechoka, yeye ana chai ya tangawizi motoni, kila mtu anamwita jina. Nyumbani saa kumi hapakuwa na mtu wa kumwita. Mkewe Rachel, mwalimu wa shule ya msingi, alirudi jua likikaribia kuzama. Binti yao Faraja, wa miaka tisa, akitoka shule alipitia kwa rafiki zake. Basi Ezra akawa anachukua kidumu kwa Martha, mama anayepika mbege jirani, anashika kata ya marehemu, anakwenda nyuma ya banda, anamwaga tone na kusema, "Baba, karibu tunywe."

Tone moja la baba, lita tatu za Ezra.

Rachel alipomuuliza kama anakunywa peke yake, alimtazama machoni akamwambia hapana, na moyoni mwake hakuona kwamba amedanganya. Si alikuwa na baba? Mlevi akitetea kata moja, wakili hamwezi.

Ajabu ya pili ilikuwa sauti. Alimwaga, akasikia chini ya udongo, gu, gu, kama koo la mtu mwenye haraka. Ajabu ya tatu ilikuwa kikohozi, nyuma ya migomba, kikohozi kilekile cha Mzee Ndelilio cha kukohoa mara mbili na kusafisha koo. Ezra alisisimka, halafu, Mungu amsamehe, akafurahi. Akasema kweli baba amekuja. Kesho yake akamwagia zaidi.

Ndipo maziwa ya Bahati yalipoanza kuharibika. Yalitoka kwenye chuchu yana harufu ya pombe iliyolala. Rachel alinusa ndoo, akanusa tena, akamgeukia mumewe.

"Umeweka nini humu, baba Faraja?"

"Niweke nini mimi, aisee? Labda majani aliyokula."

"Majani." Rachel aliyamwaga yote kwenye shimo la mbolea. Hakuwa mtu wa kelele. Alinawa mikono, akajifuta, akasema kwa sauti ya chini, "Nakwambia mara moja tu. Baba yangu alikunywa, baba yako alikuwa na kiasi, wewe huna. Hilo nimelibeba. Lakini siku nitakayomwona mtoto wangu anaingizwa kwenye hiyo kata, nitamchukua twende kijijini Mkuu kwa mama yangu, na hapa hutatuona tena."

Ezra alimjua mkewe. Maneno hayo yalimwingia, akaapa ataacha. Na kweli siku iliyofuata hakwenda kwa Martha. Alikaa sebuleni, amefunga mlango, mikono ameibana katikati ya mapaja kwa sababu ilikuwa inatetemeka.

Saa kumi ikafika.

Ukungu ulishuka kutoka juu msituni, mzito, ukaziba migomba mmoja baada ya mwingine. Kuku walinyamaza. Akasikia Bahati akivuta kamba yake bandani, anavuta na kukoroma, kisha harufu ikaingia kwa chini ya mlango, harufu ya mbege iliyochacha, ya ugoro, ya koti la mvua lililokaa kabatini mwaka mzima, harufu ya baba yake kabisa isipokuwa kwamba ndani yake palikuwa na kitu kingine kilichooza taratibu. Mabuti ya mpira yakakanyaga barazani. Yakasimama.

"Hodi," ikasema sauti ya Mzee Ndelilio.

Ezra hakuitika.

"Hodi, Ezra. Saa imefika na koo limekauka. Ulinizoesha wewe, sasa unanifungia mlango?"

"Baba," alinong'ona, "niache nipumzike leo tu."

"Leo tunakunywa. Kesho utapumzika."

Na Ezra akajikuta amesimama. Hakukumbuka kuvuka ua wala kuchukua kata. Alikumbuka tu kwamba alikuwa kwa Martha anaomba kidumu, kisha nyuma ya banda amepiga magoti kwenye udongo mkavu, duara sasa limepanuka hadi kumtosha mtu mzima kulala, anamwaga na kunywa, anamwaga na kunywa, na kila akimeza yeye kinameza na kile cha chini, na kila akitaka kupumua sauti inamwambia moja tu, moja tu ya mwisho, mpaka akatapika, na matapishi nayo yakanywewa yote na ardhi, asione hata alama.

Hapo ndipo alipojua kwamba hakuwa baba yake. Mzee Ndelilio alikuwa na kiasi.

Jumatatu ya wiki iliyofuata alichelewa bondeni kukata majani ya ng'ombe. Alirudi saa kumi na dakika chache, mvua inapiga, akasikia mtoto akiongea nyuma ya banda. Akatupa mzigo. Akazunguka kona.

Faraja alikuwa amechuchumaa na sare yake ya shule, kata ya babu yake mkononi, anamwaga maziwa chini taratibu, kwa adabu, kama mtu anayemnywesha mgonjwa. Mvua ilikuwa inanyesha kila mahali isipokuwa pale. Viatu vyake vilikuwa na vumbi.

"Babu, karibu," alikuwa akisema.

"Faraja!"

Mtoto aliinua uso. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa ukavu. "Baba, babu anasema maziwa hayamkati kiu. Anasema nimletee ile ya kwako. Anasema na mimi nionje, kwa sababu wewe siku hizi unachelewa."

Ezra alimbeba akakimbia naye mpaka ndani, goti likimlilia. Alimfunika blanketi, akampa maji, mtoto akanywa vikombe sita bila kupumzika na kuomba cha saba. Na baba yake akaketi sakafuni akalia. Woga wa jini ulikuwepo, tena mwingi, lakini kilichomliza ni kuona jinsi yule mtoto alivyoishika kata. Alikuwa ameishika kama anavyoishika yeye, kwa mikono miwili, kidole gumba juu ya ufa. Alijifunza lini? Alikuwa akimchungulia siku ngapi?

Asubuhi alishuka mjini Moshi kumtafuta Abasi.

Yeye na Abasi walipanda wote mlimani, Abasi mpagazi, Ezra mpishi. Zamani Abasi alikuwa akitafuna mirungi usiku na mchana na kuishushia na pombe kali, watu wakawa wanahesabu siku zake. Alikuwa ameacha miaka minne. Alimsikiliza Ezra mpaka mwisho, hakucheka, hakutikisa kichwa. Akasema, "Twende kwa shangazi."

Shangazi yake, Bi Mwantum, aliyejulikana kwa kufukuza majini, alikaa Njoro, kwenye nyumba ya vyumba viwili yenye ua wa mchaichai. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Ezra alitegemea kuona ubani, vitambaa vyekundu, mambo hayo. Alimkuta anachambua mchele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kaa. Umekunywa leo?"

"Hapana, bibi. Ni kidogo tu, asubuhi. Mikono ilikuwa inatetemeka."

"Angalau hujui kuongopa vizuri." Alisukuma ungo pembeni. "Sema yote. Ukificha kimoja, nami nitaficha dawa."

Akasema yote. Alipofika kwa Faraja na kata sauti ilikatika, Abasi akamshika bega. Bi Mwantum alisoma kitu kwa ndani, midomo ikicheza, kisha akauliza maswali ambayo Ezra hakuyategemea. Anakuja saa ngapi? Kabla hajaja, wewe unakuwa unafanya nini? Uko na nani? Zamani saa hiyo ilikuwa saa ya nini kwako?

"Chai ya kambini," Ezra alijibu, akashangaa machozi yanamtoka tena.

"Basi hapo ndipo mlango wake. Hukukosa pombe wewe, ulikosa watu. Nyumba ilikuwa tupu saa hiyo, akaja mpangaji." Alivua miwani. "Sasa sikiliza, mwanangu. Mimi siwezi kumfukuza. Wengine ninawafukuza, maana wameingia bila ruhusa. Huyu ulimkaribisha kwa kinywa chako, kila siku, kwa jina la baba yako. Jirani hamfukuzi mgeni wa mtu. Kinywa kilichomkaribisha ndicho kitakachomnyima karibu."

"Nimwambie aondoke?"

"Ukibishana naye atakushinda, ana maneno kuliko wewe. Na usikae umekunja ngumi ukisema nitavumilia, utachoka kabla yake. Mpe mgongo. Saa yake ikifika uwe na kazi mikononi na watu pembeni. Kiu yake hupanda, hufika juu, hushuka. Haizidi muda wa kuivisha sufuria ya maharage. Wewe ulikuwa hujawahi kusubiri mpaka ishuke. Na mwambie mkeo. Mwambie na mtoto. Huyo anakula siri, hiyo mbege anashushia tu."

"Na hii mikono?"

"Hiyo si jini, ni mwili. Mwili uliozoea pombe ukikatiwa ghafla unaweza kuua mtu. Leo hii unakwenda hospitali, unawaambia ukweli umekunywa kiasi gani, na unakaa humo mpaka wakuruhusu. Usione haya." Akamgeukia Abasi. "Huyu nilimpeleka amefungwa kamba." Abasi alitabasamu, akaangalia chini.

Ezra alipokuwa anainuka, kikongwe alimshika mkono, na sasa sauti yake ilishuka ikawa ya mtu anayeogopa kusikiwa. "Nyie Wachaga mna lile jani lenu la kuombea msamaha. Kalipeleke kwa baba yako, ulimsingizia. Na ile kata ilipaswa kulala naye, kaizike. Lakini siku hiyo atakuja, na atakuja na nguvu zote. Kumbuka neno moja, Ezra. Jini mjanja haji na pembe. Anakuja na sababu nzuri."

Alilazwa siku nane. Rachel alikuja siku ya tatu, na palepale kitandani, mbele ya wagonjwa wengine, Ezra akamweleza. Alitegemea kelele. Rachel alijiziba mdomo kwa kiganja chake.

"Mama yupo na Faraja," alisema. "Amekuja kutoka Mkuu. Saa kumi mtoto anakimbilia nyuma ya banda, mama anamfungia ndani. Jana aliutafuna mlango, Ezra. Meno ya mbele yanatoka damu." Akafuta macho. "Nakupa mpaka Jumamosi ya wiki ijayo. Ikipita na hicho kitu bado kipo, nitamchukua, nikimbie naye hata Kenya. Nisikufiche, nakupenda. Lakini sitakusubiri kwa gharama ya mtoto."

Jumamosi ilikuwa na jua tangu asubuhi, na Mlima ulionekana wote. Ezra alichimba shimo pembeni ya kaburi la baba yake, ndani ya uzio wa masale. Alikata jani moja la isale, akalifunga fundo kama wazee wanavyofunga. Mtu ukimkosea ukampelekea isale, hawezi kukataa. Atanuna, atalia, lakini atalipokea. Rachel alitandika mkeka, akaleta gunia la maharage ya kupukuchua. Abasi alikuwa amepanda kutoka mjini na tangawizi mfukoni, akawasha moto wa chai. Faraja aliketi katikati yao, amekonda, midomo imepakwa mafuta, anapukuchua ganda baada ya ganda.

Saa kumi kasoro dakika tano, Ezra aliilaza kata ndani ya shimo, kifudifudi.

Ukungu haukushuka kutoka juu siku hiyo. Ulitoka chini, kwenye duara la nyuma ya banda, ukatambaa kama moshi wa kuni mbichi, na popote ulipopita majani ya migomba yalisinyaa na kujikunja. Bahati alilia mara moja, akanyamaza. Harufu ikaja. Kisha mabuti, yakivutwa kwenye tope, chwa, chwa, ingawa Ezra aliona wazi kwamba tope limekwisha kukauka na kupasuka njia nzima.

"Hodi."

"Endeleeni na maharage," alisema Abasi, taratibu. Akachukua ganda jingine.

"Hodi, wenyewe. Mkwe wangu. Mjukuu wangu. Hodi."

Rachel alianza kunong'ona Baba Yetu. Ezra alihesabu maharage kwa sauti, tisa, kumi, kumi na moja, kiu ikampanda kutoka tumboni, ikafika kifuani, ikamkaba koo, kiu ambayo hajawahi kuijua hata siku ya kwanza hospitalini, na alipofika ishirini akasikia kando yake mtoto wake ameacha kupukuchua.

Faraja alikuwa amesimama. Macho yake yalikuwa wazi na hayakuwa yakimtazama mtu. Alikohoa mara mbili, akasafisha koo.

"Ezra," alisema, na sauti iliyotoka kwenye kile kifua kidogo ilikuwa ya mzee. "Umeniletea mashahidi. Vizuri. Basi wote wasikie. Mimi sitaki ugomvi. Nipe tone moja, tone la kuagana, tulinywe wote wawili, nami ninamwacha huyu mtoto sasa hivi. Ukikataa, nitamnywa yeye."

Na koo la Faraja likaanza kumeza. Lilimeza, likameza, bila kitu mdomoni, na kila alipomeza mashavu yake yaliingia ndani, midomo ikapasuka upya, ngozi ya mikono ikakunjamana kama ya bibi wa miaka tisini. Rachel alipiga yowe akamkumbatia. Ezra akageuka kwenye shimo, na mle shimoni kata aliyoilaza kifudifudi ilikuwa imesimama, imejaa mbege pomoni, povu linamwagika pembeni.

Mkono wake ulishaishika. Alikuwa hajaamua bado, lakini mkono ulishaishika, vidole vimelowa, kidole gumba juu ya ufa. Tone moja. Ni baba gani angekataa kunywa tone moja kuokoa mtoto wake? Hapa hakuna ulevi, hapa ni upendo, hata Mungu anaona, hata Rachel atasema asante, na kesho, kesho hataigusa tena kamwe.

Kesho. Alikuwa amelisikia wapi neno hilo?

Jini mjanja haji na pembe.

Ezra alitazama kata, akaona kwamba katika miaka miwili hajawahi hata siku moja kunywa bila sababu nzuri. Siku zote ilikuwa kwa ajili ya mtu. Kwa ajili ya baba, kwa ajili ya goti, kwa ajili ya huzuni, na leo, loo, leo sababu imevaa sura ya mwanawe mwenyewe.

Alilichukua lile jani la isale alilomkatia marehemu. Hakuliweka kaburini. Akapiga magoti mbele ya Faraja, mtu mzima na ndevu zake, goti bovu likalia, akamnyooshea mtoto wa miaka tisa jani kwa mikono miwili, jambo ambalo hakuna mwanamume wa ukoo ule aliyewahi kulifanya.

"Faraja mwanangu," alisema, na alikuwa analia wazi. "Babu yako hakuwepo. Nilikuwa nakunywa peke yangu. Nilimsingizia ili nisionekane mlevi. Nilimdanganya mama yako, na nilikufundisha wewe kuishika hii kata bila kujua. Kosa ni langu, si lako, wala si la babu. Nisamehe. Na wewe uliyeko humo, nilikuita mimi, na mimi nasema huna karibu hapa. Si leo, si tone."

"Ezra," ikanguruma ile sauti. "Koo lake..."

Hakumjibu. Alibaki na jani mikononi, anamtazama mwanawe peke yake.

Mkono mmoja wa Faraja ulitoka chini ya kumbatio la mama yake, ukitetemeka, mkavu, na ukaenda pole pole mpaka kwenye jani. Vidole vikalifunga. Isale haikataliwi, hata mtoto wa Kirua anajua hilo.

Alipolishika alivuta pumzi ndefu kama aliyetolewa majini, akalia kwa sauti yake mwenyewe, "Mama!" Shimoni kata ilipasuka penye ufa, waya wa shaba ukakatika, na mbege ikamwagika ikalowanisha udongo, ikabaki pale, tope la kawaida kabisa. Abasi alianza kutupia udongo kwa mikono, Ezra akamfuata, wakafukia na kukanyaga. Chai ilikuwa imechemka hadi kuzima moto.

Huo ulikuwa mwaka jana. Rachel hakwenda Mkuu. Ezra hajaonja. Kila Jumatano anashuka mjini anakaa na wenzake wanaoacha, wanasimuliana bila kuoneana haya. Na kila siku saa kumi barazani kwake pana sufuria kubwa ya chai ya tangawizi, kama ya kambini, na majirani wameshazoea. Julius wa ng'ambo ya mfereji anakuja na kikombe chake kabisa, siku nyingine akiwa amenyamaza sana, na Ezra humpa kazi ya mikono bila kumuuliza kitu.

Jana mvua ilinyesha, watu hawakuja. Walikuwa wawili tu barazani, Ezra na Faraja, wanamenya ndizi za kiburu, zile za kupika na maharage. Nyuma ya banda maji yalitiririka kila mahali, isipokuwa sehemu moja ndogo, isiyozidi upana wa sahani.

Mtu akakohoa huko, mara mbili, akasafisha koo.

"Hodi," akasema, kwa upole, kama mtu mwenye subira.

Ezra aliendelea kumenya. Amezoea. Hupanda, hufika juu, hushuka. Alikuwa akidhani ni yeye peke yake anayesikia, na hilo ndilo lililokuwa likimpa usingizi.

Faraja alisimamisha kisu chake. "Baba," alisema kwa sauti ndogo, "siku hizi anaanza kwa kuita jina langu."

Ezra aliweka kisu chini. Alimtazama mwanawe, yale makovu madogo ya midomo, akataka kusema uongo, akataka kusema ni upepo tu, mama, menya. Uongo huo ulikuwa mzuri, wa upendo kabisa.

"Namsikia," alisema. "Na mimi ananiita. Sogea hapa karibu yangu."

Faraja akasogea. Ezra akachukua nusu ya ndizi zilizobaki akaziweka kwenye mapaja ya binti yake.

"Usimwitikie," alisema. "Menya. Mama yako yuko njiani."